Jua Lishtakiwe, Jirani Aachwe

Eldoret ni mji uliojengwa kwa kuogopa baridi. Uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ukiutazama vizuri utaiona hofu hiyo kila mahali: madirisha madogo, mablanketi mazito yanayoning'inia madukani mwaka mzima, wazee wanaovaa koti Januari kama walivyolivaa Julai, watoto wanaopelekwa shule na sweta na kofia ya sufu hata siku ambayo anga ni nyeupe kwa jua. Feni ni kitu cha ofisi na maduka makubwa. Nyumbani wengi wetu hatujawahi kuinunua, kwa sababu hatukuwahi kuihitaji.

Kwa hiyo kiangazi kinapokaza, kuanzia Januari hadi mvua za Machi au Aprili zikubali kushuka, joto hutukuta hatujajiandaa. Mchana wa kawaida hapa hauzidi sana nyuzijoto 25. Joto likifika 28 au 29 tunaanza kulalamika, na mtu wa Lodwar, aliyezoea 35 na zaidi, hutushangaa. Lakini yeye hajakaa katika chumba cha mabati kisicho na dari kule Langas au Munyaka, saa nane mchana, mlango ukitazama magharibi. Tena jua la nyanda za juu lina hila yake. Hewa ni nyembamba, miale huchoma ngozi haraka kuliko mtu anavyodhani, na upepo mkavu hukausha jasho kabla halijaonekana. Hapa mtu anaweza kuishiwa maji mwilini huku shati lake likiwa kavu.

Wala hakuna dalili kwamba mambo yatapoa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba 2024 ulikuwa mwaka wa joto kali zaidi tangu vipimo vianze kuwekwa. Majirani zetu wa Sudan Kusini walifunga shule Machi 2024, kisha wakazifunga tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuzirai kwa joto kule Juba. Sisi hatujafika huko, lakini kila kiangazi kinachokuja ni heri kituone tumejifunza jambo jipya.

Jambo ninalotaka tujifunze safari hii ni kucheka, na ninalisema kwa dhati kabisa. Kuna kicheko kinachopoza nyumba na kuna kicheko kinachoichoma, na tofauti yake inategemea anayechekwa ni nani.

Nianze na sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Nairobi na Berkeley, California. Waliwaweka watu katika vyumba, vingine vikiwa na nyuzijoto 22 na vingine 30, wakawapa kazi za kufikiri na michezo ya pesa. Katika mambo mengi joto halikuwabadilisha. Waliendelea kukokotoa na kuamua kama kawaida. Lakini palikuwa na mchezo mmoja uliompa mtu nafasi ya kuharibu mapato ya mwenzake, bila yeye mwenyewe kufaidika hata senti. Huko Nairobi, waliokaa kwenye joto waliharibu zaidi kuliko waliokaa kwenye ubaridi, na hasa wale wa jamii iliyokuwa imetengwa kisiasa wakati wa msukosuko wa uchaguzi wa Kenya. Berkeley hali hiyo haikuonekana.

Nimelifikiria sana tokeo hilo, kwa kuwa linaeleza kitu ambacho kila aliyewahi kukaa kwenye matatu iliyokwama saa saba mchana Barabara ya Uganda anakijua. Joto halimpandikizii mtu chuki mpya. Hukoroga ile iliyokuwa imetulia chini. Deni la mia mbili ambalo jirani alikuwa amelisahau hulikumbuka saa nane mchana. Mume anayevumilia chai ya baridi mwaka mzima huiona dharau mwezi Februari. Na mji wetu una makabila mengi, una kumbukumbu nzito, na una vyumba vingi vya kupanga vinavyotumia bomba moja la maji. Hapo ndipo mtu mcheshi anapokuwa na kazi ya maana kama ya fundi wa bomba.

Kicheko hakishushi joto la mwili. Ukicheka sana misuli hufanya kazi, moyo hupiga kasi kidogo, na ndipo mwili hulegea baadaye. Kinachoshuka ni hasira. Kwa hiyo mpangilio ni huu: maji kwanza, kivuli pili, mzaha tatu. Kunywa maji kabla ya kiu. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, ujue umechelewa. Bia na busaa hazihesabiki kuwa maji, hata zikitoka kwenye friji. Panda mlima wa kazi asubuhi mapema au jioni, na kuanzia saa sita hadi saa tisa punguza mwendo bila kuona haya. Sisi ni watu wa riadha, basi tukumbuke Mashindano ya Dunia ya Doha ya 2019: mbio za marathoni za wanawake zilianza karibu na saa sita usiku ili kulikwepa jua, na bado kati ya wakimbiaji 68 walioanza, 40 tu ndio waliomaliza. Mshindi, Mkenya, alitumia zaidi ya saa mbili na nusu. Ikiwa mabingwa hao walipunguza kasi, basi mwashi wa Kapsoya naye ana ruhusa.

Maji yakishanyweka na watu wakishakaa kivulini, swali linalofuata ni nani atachekwa.

Jibu langu: lichekwe jua. Yachekwe mabati, koti, kiti cha bodaboda kilichoachwa juani, kuku aliyekataa kutoka chini ya mkokoteni. Hivi havina kabila, havina unene, havina mama wa kutukanwa. Kila mtu anavijua, kwa hiyo mzaha hauhitaji kuelezwa. Mama anayeuza matikiti karibu na soko akikwambia kwamba tikiti hili lilitoroka Marigat kwa sababu ya joto, likaambiwa Eldoret kuna baridi, na sasa linataka nauli ya kurudi, amekuuzia tikiti na amekupa sababu ya kutabasamu hadi nyumbani. Mwendesha bodaboda anayefunika kiti chake kwa kitambaa na kumwambia abiria, "Karibu, jiko liko tayari, ni nyama tu iliyokuwa inangojwa," amefanya jambo la busara mara mbili, maana ameonya na amechekesha. Kwenye ploti za kupanga nimesikia mzaha wa mtu aliyeacha trei ya mayai chini ya mabati, akarudi jioni akakuta vifaranga wamejipanga foleni kwenye ndoo ya maji. Huo unaweza kurudiwa wiki nzima, kila msimuliaji akiongeza kifaranga wake.

Mzaha wa mchana uwe mfupi. Akili iliyochoka na joto haifuati kisa chenye watu sita na safari mbili. Sentensi mbili zinatosha, na ukiona mtu ameinua tu kona ya mdomo, hesabu hiyo kuwa ni kicheko. Usimdai zaidi.

Upo pia utani wa watu kwa watu, nao una nafasi yake, ila una masharti. Waswahili na jirani zao wamekuwa na desturi ya utani kwa muda mrefu. Tanzania hadi leo kuna makabila ambayo ni watani, mmoja akiruhusiwa kumtania mwenzake hata msibani, naye mwenzake akiruhusiwa kurudisha bila mtu kukasirika. Katika jamii nyingi za Kenya, babu na wajukuu hutaniana kwa uhuru ambao baba na mtoto hawana. Kinachoufanya utani huo usiume ni kwamba unaenda na kurudi. Anayetania leo anajua kesho atataniwa, na amekubali hivyo tangu mwanzo.

Eldoret tunao utani wa namna hiyo ambao hatuutumii vya kutosha, nao ni kati yetu na wenzetu waliotoka mahali pa joto. Mtu wa Lodwar, wa Bonde la Kerio au wa Mombasa ana haki ya kutucheka Februari. Aje ofisini na sweta siku ya nyuzijoto 28, aombe dirisha lifungwe kwa kuwa "kaubaridi kanaingia". Aulize kama chai ipo. Mwacheni afurahie, maana zamu yetu inakuja Julai, atakapovaa soksi mbili na kushindwa kushika kalamu asubuhi, na sisi tutakapomkuta amekumbatia birika. Ninawahimiza wakubwa wa ofisi na walimu wakuu walipe nafasi jambo hili. Mahali ambapo wageni na wenyeji wana deni la vicheko la kulipana kila Februari na Julai, watu hujuana majina mapema.

Sasa kuhusu yasiyofaa kuchekwa. Hapa siombi radhi kwa kuwa mkali.

Jasho la mtu na harufu yake tuviache. Wapo wanaofanya kazi za mikono juani tangu alfajiri, mafundi wa jua kali, wapakiaji wa magunia, wasukuma mikokoteni, na hawana mahali pa kuoga hadi usiku. Mzaha kuhusu harufu yao ndani ya matatu huchekesha watu kumi na kumkata mmoja hadi mfupani. Tuache pia rangi ya ngozi. Kumwambia msichana kwamba jua limemfanya "mweusi hivyo" ni kumfundisha kwamba ngozi yake ni aibu, na maduka yenye krimu za kujichubua yanamsubiri hapo nje. Tuache unene. Mtu mnene hulihisi joto kuliko wengine na anajua hilo bila kukumbushwa.

Na lafudhi. Najua vichekesho vya Kenya vimejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya lafudhi, na najua wachekeshaji wenyewe wengi hucheza na lafudhi za kwao kwa mapenzi. Jukwaani, jioni, mbele ya watu waliokuja kwa hiari, sina neno. Ninachosema ni kwamba saa nane mchana, kwenye foleni ya maji au ndani ya gari lililojaa, kuiga matamshi ya mtu usiyemjua ni kumwonyesha kwa kidole kwamba yeye ni wa kwingine. Mji huu ulipitia ghasia za baada ya uchaguzi Januari 2008. Kuna watu wanaoishi hapa ambao matamshi yao wakati ule yalikuwa suala la uhai. Siku za baridi pengine watacheka nawe. Siku za joto usiwajaribu.

Turudi kwenye matatu, kwa maana huko ndiko vita vingi vya kiangazi hupiganwa, na uwanja wa vita ni dirisha. Abiria wa Eldoret ana tabia ambayo wageni hawaielewi: anaogopa upepo kuliko joto. Gari linaweza kuwa tanuri, na bado mtu atasukuma kioo kifungwe kwa sababu ya mtoto, kifua, vumbi au nywele alizosuka jana. Mwenzake nyuma anakata roho. Mmoja anafunga, mwingine anafungua, na wote wawili hawasemi kitu, hata mmoja aseme neno ambalo halirudi.

Ushauri wangu ni kusema mapema, na kusema kwa upole wenye ucheshi. "Mama, tukubaliane. Hadi Chepkoilel dirisha ni langu, kutoka hapo hadi kwako ni lako, tukifika tuulize nani ameiva zaidi." Hutapata dirisha kila mara. Lakini umemtambua mwenzako kwa heshima na umempa njia ya kukubali bila kushindwa. Makanga mwenye akili hutangaza mwenyewe kabla ya gari kuondoka steji kwamba madirisha mawili ya mbele yatafunguliwa na ya nyuma yatafuata sauti ya walio wengi. Watu hucheka, na kura hupigwa. Nimeona gari zima likitulia kwa tangazo kama hilo, na ninaamini likifanywa kuwa desturi litatupunguzia ugomvi mwingi barabarani.

Kwenye ofisi zenye feni moja mambo ni hayo hayo. Feni igeuke, isielekezwe kwa bosi peke yake. Anayetaka kuleta ucheshi aandike ratiba ya feni na kuibandika ukutani kwa lugha ya kiserikali, yenye saa za zamu na kifungu cha rufaa. Watu huiheshimu ratiba iliyowachekesha kuliko ile iliyowaamrisha.

Kuna kicheko kimoja ambacho ningependa kikomeshwe kabisa mjini petu, na ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Ni kile cha kumcheka mtu anayepepesuka barabarani mchana.

Tumezoea kusema amelewa. Pengine amelewa kweli. Lakini mtu aliyezidiwa na joto huonekana hivyo hivyo: hatembei sawasawa, maneno yanamgongana, anajibu kitu ambacho hukumuuliza, anakasirika bila sababu, anaweza kutapika au kuanguka. Joto la mwili likipita nyuzi 40 ubongo huanza kuathirika, na hapo dakika zina thamani. Ngozi yake inaweza kuwa kavu na ya moto, au bado ikawa na jasho, hasa kama alikuwa akifanya kazi ngumu. Usisubiri jasho likauke ndipo uamini. Akiwa mzee aliyevaa koti na sweta ndani yake, au mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kuongeza mkojo, hatari ni kubwa zaidi.

Mpeleke kivulini. Mvue koti, viatu na chochote kizito. Mmwagie maji mwilini, kichwani, shingoni, makwapani, kisha mpepee kwa kitu chochote kilicho karibu, hata gazeti au kifuniko cha boksi. Maji na upepo pamoja ndivyo vinavyoondoa joto. Ikiwa yuko macho na anameza vizuri, mpe maji kidogo kidogo. Ikiwa amechanganyikiwa au amezimia, usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu, na mpeleke hospitali bila kuchelewa huku mkiendelea kumpooza njiani. Atakayegundulika kwamba kweli alikuwa mlevi, amepata kuoga. Hakuna aliyepata hasara.

Kabla mtu hajafika huko, mwili hutoa ishara ndogo: kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza, kizunguzungu akisimama. Na hapa mcheshi ana faida ambayo wengine hawana, kwa kuwa yeye huwatazama watu nyusoni. Ukiona yule anayecheka kwa sauti kila siku amenyamaza, au mzaha mzuri umempita kama hakuusikia, mwulize amekunywa maji lini. Mtoto mchanga na nyanya aliyelala ndani ya mabati ndio wa kwanza kuangaliwa, kwa sababu wao hawatatoka nje kulalamika.

Wapo pia ambao jua linawaumiza moyo. Mkulima wa Moiben ameshalima shamba lake, amenunua mbegu kwa mkopo, na anaangalia anga kila asubuhi. Mfugaji aliyeshusha ng'ombe bondeni hajui wangapi watapanda tena. Wao wakilicheka jua, cheka nao. Wasipolicheka, usianze wewe. Wasikilize, uulize bei ya majani, uwape mursik, maziwa ya mgando, kama unayo. Mursik iliyotulia ndani ya kibuyu mahali penye giza hupoza kinywa vizuri kuliko soda, na haimwachi mtu na kiu ile ya sukari.

Jioni ni habari nyingine. Mabati yakianza kulia kwa kupoa, ka, ka, ka, watu hutoka nje na viti, na hapo ndipo visa virefu vinapata wakati wake. Kwenye drafti zinazochezwa kwa vifuniko vya soda chini ya miti, maneno ni matamu kuliko mchezo wenyewe. Mwenye kushindwa alaumu jua, aseme lilimpofusha, na akubaliwe.

Nyumbani, mpe nafasi mwenye umri mkubwa. Kama ni kogo au kugo wa Kikalenjin, kukhu wa Kiluhya, guka wa Kikuyu, mwambie asimulie kiangazi kikali alichokiona utotoni, na mruhusu aongeze chumvi. Wenye asili ya pwani wana Abunuwasi. Watoto wote hupenda kile kisa cha maskini aliyeahidiwa zawadi akikesha ndani ya maji ya baridi, akakesha huku akitazama moto uliowaka mbali sana, kisha akanyimwa zawadi kwa madai kwamba moto ule ulimpa joto. Abunuwasi akawaalika wakubwa karamuni, akatundika chungu mbali na moto, akawaambia wasubiri chakula kiive. Kisimulie mwezi wa Februari, kisha uwaulize watoto: ikiwa moto wa mbali unatia joto, theluji ya Mlima Kenya inatupoza sisi hapa Huruma? Watajibizana hadi walale.

Eldoret pia ina kisa chake. Husimuliwa kwamba mwaka 1912, mji ulipokuwa bado ukiitwa kwa namba ya shamba, 64, sanduku la chuma la kuhifadhia fedha lilianguka kutoka kwenye gari la kukokotwa, likawa zito mno kuinuliwa, basi benki ikajengwa kulizunguka palepale lilipoangukia. Waulize wanao ilikuwa saa ngapi, jua lilikuwaje, na nani alikuwa wa kwanza kusema, "Jamani, tuliache hapa hapa." Kila mtoto atampa mtu huyo jina na sauti yake. Mji uliopewa hadhi ya jiji Agosti 2024 unaweza kujivunia kwamba wenyeji wake wa mwanzo walijua wakati wa kupumzika.

Watoto wenyewe wape kazi ya kutunga vitendawili vya joto, vipya, kila jioni kimoja. Mimi nimeanza na hivi. Nina jiko lisilo na kuni wala makaa, hujiwasha saa sita na liko juu ya kichwa changu: paa la mabati. Asubuhi alinikumbatia nikafurahi, mchana alinikumbatia nikamtupa begani: koti. Mgeni wangu amemaliza maji ya beseni na sikumsikia akimeza: jua. Wawili wanapigania mlango ambao hakuna anayeweza kupita: dirisha la matatu. Watoto wenu watatunga vizuri kuliko mimi, na huku wanafikiri, walowesheni miguu kwenye beseni. Maji hayo yakamwagilie sukuma, kwa kuwa kiangazi ni wakati wa mgao wa maji.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote, na ninaoomba kila ploti iujaribu, ni mahakama. Kizazi kilichokua kikitazama Vioja Mahakamani kwenye KBC kinajua jinsi kesi inavyoweza kuwa burudani. Jua lifunguliwe mashtaka. Mwenye umri mkubwa awe hakimu na akae mahali penye upepo. Mashtaka yasomwe kwa ukamilifu: kuingia nyumbani kwa watu bila kubisha, kuiba maji ya beseni, kuwavua wazee makoti hadharani, kuharibu nywele zilizosukwa kwa gharama. Mabati ashtakiwe kama mshirika. Koti awe shahidi, ingawa kila mtu anajua kwamba ana uhusiano na baridi na ushahidi wake hauaminiki. Dirisha la matatu liitwe lijieleze.

Na lazima awepo wakili wa jua, mtoto mwerevu kuliko wote, kwa sababu kazi yake ni ngumu. Atauliza ni nani aliyekausha mahindi ya Uasin Gishu hadi yakakubaliwa ghalani. Atauliza nani alikausha nguo za shule kwa saa moja wiki ambayo umeme ulipotea, nani aliyeivisha maembe ya Bonde la Kerio ambayo hakimu mwenyewe ameonekana akiyala mahakamani. Upande wa mashtaka utapinga. Hakimu atataka utulivu. Hapo jirani wa mlango wa tatu, yule ambaye mchana alikuwa hasemi na mtu kwa sababu ya zamu ya bomba, atasogeza kiti chake karibu na kusema kwamba naye ana malalamiko ya kuwasilisha.

Mpokeeni, mwandikeni jina. Kesi isimalizwe siku moja. Iahirishwe kila jioni hadi kesho yake, saa kumi na mbili baada ya maji kuchotwa, na jua liachiliwe kwa dhamana hadi mvua za Aprili.